Saa Mia Moja na Ishirini za Mama

Mama yangu amesimama kizimbani mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili kosa lilikuwa moja: kukutwa na mbuta wachanga, yaani sangara ambao hawajakomaa. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili. Mara ya pili nilikuwa tayari mwalimu, tena mwalimu wa nidhamu, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Rangwe.

Mama ni mchuuzi wa samaki. Anakaa Karungu, mwendo mfupi kutoka ufuoni, na tangu nipate akili namjua akiwa na beseni. Mashua zikifika asubuhi hununua, husafisha, wengine huwakaanga, wengine huwapeleka wabichi hadi Migori siku ya soko. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Tulibaki watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza, na beseni lile ndilo lililotulisha na kutusomesha.

Kila mtu ufuoni anajua kwamba mbuta mdogo haruhusiwi. Kuna kipimo, na aliye chini ya kipimo hicho anapaswa kubaki majini. Lakini mbuta mdogo ni rahisi kununua na ni rahisi kuuza, maana mwenye kipato kidogo anaweza kumbeba mzima nyumbani akampikia watoto. Mama alikuwa na wateja wengi wa namna hiyo. Aliwajua mmoja mmoja, na alijua nyumba ipi ina midomo mingapi.

Siku ile ya kwanza alikamatwa barabarani, kwenye kizuizi, akielekea soko la mji mwingine ambao sitautaja. Sikuwepo. Niliyoyajua ni yale aliyoniambia jioni nilipomkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, viatu vimejaa magamba. Askari alimwita "wewe mwanamke". Alilishika beseni akaligeuza, samaki wakamwagika vumbini, na mwenzake akawakanyaga akipita. Kortini mambo yaliendeshwa kwa Kiingereza. Mtu fulani alimsukuma begani akamwambia, "Sema ndiyo." Akasema ndiyo. Kwa muda ambao angetumia kumkwangua samaki mmoja magamba, kesi ilikuwa imekwisha. Mjomba aliuza ng'ombe faini ikalipwa.

Nilimuuliza, "Kwani hakimu alisema nini?"

"Sijui, nyathina," aliniambia. Nyathina ni mwanangu, kwa Dholuo. "Aliangalia saa."

Ungedhani aliogopa. Kuogopa aliogopa, lakini wiki iliyofuata mbuta wachanga walirudi kwenye beseni. Tofauti ni kwamba sasa walilala chini, na juu yao mama alitandaza dagaa, hawa tunaowaita omena, safu nene. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatandaza likizoni. Nilikuwa na mkono mwepesi, na mama alinisifu kwa hilo. Alijifunza siku ambazo kizuizi huwekwa, alijifunza njia za pembeni, alijifunza ni askari yupi hapendi kugusa omena kwa sababu ya harufu. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, na sikuwahi kumwona akijuta hata kidogo. Akiwapita askari wale alikuwa akiimba kidogo kidogo puani.

Karo yangu ya chuo ilitoka chini ya omena zile. Sijifichi.

Mara ya pili sikuwa kidato cha pili tena. Nilikuwa na miaka minne kazini. Likizo ya Aprili nilikwenda Karungu kumsaidia, na asubuhi moja tulikuwa ufuoni, mama akiwa amekwisha kununua, beseni likiwa limejaa nusu, omena bado hazijawekwa. Akaja msichana mmoja amevaa sare ya idara ya uvuvi, na nyuma yake mwanamume mmoja mwenye daftari. Wanawake wengine walitawanyika. Mama ana goti bovu, hakuweza kukimbia.

Yule msichana alikuwa mgeni, Mkuria kutoka upande wa mpakani, na Dholuo hakujua. Kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

"Habari ya asubuhi, mama. Naomba kuona samaki wako."

 Mama alikuwa anangoja beseni ligeuzwe. Nilimwona ameushika ukingo wake kwa mikono miwili.

Afisa akatazama huku na huku, akaona kivuli cha kibanda. "Jua limeanza kuwa kali, wataharibika. Tubebe pamoja tupeleke pale." Akainama, akashika upande mmoja wa beseni. Mama akabaki kumwangalia, kisha akashika upande wa pili. Wakabeba.

Kivulini afisa alitoa ubao wake wa kupimia, lakini badala ya kupima akampa mama. "Pima wewe mwenyewe. Mimi nitaandika utakachosema."

"Mimi najua hii samaki ni ndogo," mama akasema. "Hakuna haja ya kupima."

"Pengine wako wakubwa ndani. Hao ni halali yako, sitawachukua."

Mama akapima. Alipima kwa makini, akiwanyoosha mkia, na watano walikuwa wamefika. Afisa akawaweka kando juu ya majani. Waliobaki walikuwa wengi. Akachukua mmoja, akaomba kisu cha mama, akampasua tumbo polepole na kumwonyesha mahali ambapo mayai yangekuwa. Hapakuwa na kitu. "Huyu hajazaa hata mara moja," alisema.  Mama amepasua samaki maisha yake yote, na nilijua kuwa hakuambiwa jambo jipya. Ila nadhani alikuwa hajawahi kuonyeshwa na mtu anayedhani kwamba yeye pia angejali.

Kisha afisa akamwambia kwamba lazima waende mahakamani. Hakupaza sauti, wala hakuomba chochote chini ya meza, ingawa mimi nilikuwa tayari nimeingiza mkono kwenye mkoba. Alimweleza kitakachotokea: atasomewa shtaka, ana haki ya kusema kwa lugha yake, ana haki ya kukataa shtaka. "Kama kuna kitu hukuelewa, uniulize sasa."

Mama akauliza swali moja tu. "Naweza kuifunika? Nzi iko mingi."

"Wafunike, mama."

Akavua leso yake ya begani akawafunika wale samaki ambao hawakuwa wake tena.

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani na mafua. Kila mara alijifuta pua kwa leso ndogo na kuomba radhi. Alimuuliza mama angependa lugha gani. Mama akasema Dholuo. Mkalimani akasimama karibu naye. Shtaka likasomwa, na mama akalikubali. Hakimu akamwuliza kama ana la kusema.

Mama akatazama sakafu. Nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anapanga. Alianza na kifo cha baba, akaja kwenye karo zetu, akaja kwenye bei ya samaki wakubwa ambao siku hizi wanunuzi wenye magari ya barafu huwachukua wote mashua ikigusa tu mchanga. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba hii si mara yake ya kwanza, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwafunika kwa omena. Niliinamisha kichwa. Karani mmoja akacheka. Hakimu alimtazama karani mpaka akaacha.

Wakati wote ule hakimu alikuwa anaandika kwa mkono. Mama alipomaliza, hakimu alisema, "Mama, ngoja nikusomee nilichoandika, uniambie kama ndivyo ulivyosema." Akasoma, na mkalimani akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Palikuwa na mahali alipoandika kwamba mume alifariki ziwani. Mama akainua kidole. Hapana, alifariki hospitalini, kwa maradhi. Hakimu akakata mstari, akaandika upya, akasoma tena.

Mama hajui kusoma. Baadaye aliniambia kwamba aliiona ile kalamu ikirudi nyuma na kufuta.

Hukumu ilikuwa saa mia moja na ishirini za huduma kwa jamii, katika kituo kidogo cha afya kilicho karibu na nyumbani: kufagia, kupiga deki, kazi za namna hiyo. Saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita. Hakimu akamwuliza ni saa zipi zingemfaa. Mama akasema asubuhi mashua zinafika. "Basi mchana," hakimu akasema. "Saa nane mpaka saa kumi na mbili. Hiyo utaweza?" Mama akasema ataweza. Hakimu akamweleza kwa nini hakumwachilia hivi hivi, kwamba sheria ile ni ya kila anayeishi kando ya ziwa, akiwemo mama mwenyewe, na kwamba akirudia kosa hatapata nafasi ya namna hii. Kisha akamwita mtu mwingine.

Likizo ikaisha, nikarudi shuleni. Sikumwambia mtu. Kwenye chumba cha walimu, mmoja wetu alikuwa na shangazi Karungu, na kila simu yake ilipolia nilitega sikio. Nilimfikiria mama yangu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwenye kiti chake cha mbele kanisani, akipiga deki huku watu waliokuwa wakimnunulia samaki wakiinua miguu ili apitishe kitambaa. Usiku sikuwa na shida, nililala. Ilikuwa mchana, ikifika saa nane, nikiwa darasani nafundisha ngeli, ndipo chaki iliposimama ubaoni.

Wiki ya nne ya adhabu yake ikaangukia mapumziko ya katikati ya muhula. Nikapitia Ndhiwa, nikafika Karungu mchana, na badala ya kwenda nyumbani nikaenda moja kwa moja kituoni.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye veranda ya wodi ya wazazi, anasugua sakafu kwa brashi. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya mpira ambavyo sikuvijua. Alipoona aibu usoni mwangu akacheka. "Mwalimu amekuja kukagua!" Pembeni palikuwa na mwanamke mjamzito kwenye benchi, akila kipande cha muhogo, naye akamwuliza mama, "Dani," yaani nyanya, "hii kazi wanakulipa vizuri?"

"Hawanilipi," mama akasema. "Nimefungwa. Hiki ndicho kifungo changu."

Mwanamke yule akadhani ni mzaha. Akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilitaka sakafu ile inimeze.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa upendo, au ndivyo nilivyojiambia. Karani wa kituo tulisoma naye shule ya msingi. Ndiye aliyekuwa akitunza fomu ya mahudhurio ya mama. Muuguzi mkuu aliyepaswa kuitia sahihi alikuwa amehamishwa, mwingine hajafika, na afisa wa probesheni wa kumsimamia alikuwa amekuja mara moja tu, wiki ya kwanza. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akiangalia. Nikamwambia rafiki yangu, "Yule ni mama yako pia. Goti lake unalijua. Mjazie zile siku zilizobaki." Hata hakusita. Alikuwa mtu mwema, na yeye mwenyewe alikuwa akiumia kumwona mzee amepiga magoti. Akajaza siku zote hadi wiki ya sita, akapiga muhuri, akanipa nakala.

Nilimpa mama karatasi ile jikoni kwake, akiwa anakoroga ugali. "Mama, pumzika. Yamekwisha."

Akaepua sufuria, akafuta mikono. "Soma."

Nikamsomea. Jina lake, kosa, idadi ya saa, kwamba amezikamilisha zote.

"Soma siku moja moja."

Nikaanza. Jumatatu, amefagia uwanja. Jumanne, amepiga deki. Nikafika siku ya leo, nikapita, nikafika kesho.

"Kesho nimefanya nini?"

"Umeosha madirisha."

"Na keshokutwa?"

"Umefagia."

"Na wiki ijayo Jumatano?"

Nikaishusha karatasi. Mama akachukua karatasi akaiangalia, ijapokuwa haikumwambia kitu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Nyathina, jina langu liko hapa?"

"Liko."

"Kwa hiyo ni mimi ninayesema nimeosha madirisha kesho."

"Mama, hakuna atakayejua. Kile kituo hakina hata mkubwa wake sasa. Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa ukiwapita askari! Leo umekuwa mtakatifu?"

Maneno hayo yalinitoka kwa ukali ambao sikuutarajia. Mama akakaa kwenye kigoda, akanyoosha goti bovu mbele yake. Alijibu kwa Dholuo, taratibu, na nimejaribu mara nyingi kuyaweka kwa Kiswahili bila kuyaharibu.

"Wale wa barabarani sikuwadanganya," alisema. "Hawakuniuliza kitu. Walinikanyagia samaki wakanipeleka mahali ambapo watu walizungumza juu ya kichwa changu, wakanirudisha. Nilipowapita nilikuwa napita kama unavyopita mbwa mkali. Kuna mtu husema amemdanganya mbwa? Lakini yule binti mwenye mafua aliniuliza saa. Aliniuliza ni saa ngapi nitaweza, nikamwambia saa nane nitaweza. Mimi ndiye niliyesema. Sasa nikae nyumbani saa nane, nikijua nilimwambia nitaweza?"

"Hatajua, Mama. Ana kesi mia. Amekusahau."

"Labda amenisahau. Mimi sijamsahau." Akarudisha sufuria motoni. "Na mahali ambapo nilikosea, alifuta akaandika upya. Ile karatasi yake ilikuwa ya kweli. Sitaki hii yangu iwe ya uongo."

Tukala ugali. Sikuwa na hamu, lakini nilikula.

Kesho yake, saa saba na nusu, akavaa viatu vyake vya mpira. Nikasema nitamsindikiza niirudishe ile fomu. Rafiki yangu karani alipotusikia, uso ulimbadilika. Alidhani tumekuja kumshtaki. Mama akamshika mkono. "Mwanangu, ulinihurumia. Ahsante. Lakini andika vile ilivyo." Karani akaichana fomu ile vipande vidogo, akachukua nyingine, akaandika upya siku zile tu ambazo mama alikuwa amefika. Alipokuwa akiandika, mama alisimama pembeni yake akihesabu kwa vidole. Ikatokea kwamba siku moja alizuiliwa na mvua, akafika saa tisa. Akamwambia aandike saa tisa.

Nilikuwa nimebakiza siku tatu za mapumziko. Zote tatu nilipiga deki na mama. Siku ya kwanza nilifanya hivyo kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Yeye alisugua, mimi nikasuuza. Nikagundua kwamba hakuwa akifanya kazi ya mfungwa. Alikuwa amehamisha mabenchi ya veranda ili jua la alasiri lisiwachome wanawake wanaongoja. Aliwajua waliokuwa wamelazwa, aliwajua na walioletwa bila mtu. Siku ya pili alikuwepo msichana mmoja mdogo, hata ishirini hajafika, amejifungua asubuhi na mama yake yuko safarini kutoka Mbita. Mama alipomaliza deki alikwenda akamfulia nguo za mtoto, akazianika kwenye ua, akarudi akamwambia, "Zikikauka nitakuletea." Kisha akatazama saa ya ukutani, akaona bado robo saa, akachukua ufagio.

"Hiyo ya kufua haimo kwenye hukumu," nilimtania.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Siku ya tatu, tukirudi nyumbani, nilimwambia kwamba nilimwonea aibu. Ilinichukua njia nzima kupata maneno. Alisema alijua, kwamba hata yeye wiki ya kwanza alipita njia ya nyuma ya shamba ili asionekane. Kisha akaniomba nimshike mkono kwenye kile kijiteremko chenye mawe, na tukashuka hivyo, kama vile yeye alivyokuwa akinishika mimi nikiwa darasa la kwanza.

Akamaliza wiki zake sita, na siku moja zaidi kufidia ile mvua. Afisa wa probesheni alimletea barua ya kuthibitisha, na mama akamwomba ampelekee hakimu salamu na kumuuliza kama mafua yamepona. Sijui kama salamu zilifika.

Mbuta wachanga hakuwanunua tena. Hilo halikuwa jambo dogo, na sitaki kulipamba. Biashara ilipungua. Wenye mashua walimcheka, na wanawake wengine walisema amejifanya mzungu. Wateja wake wa nyumba zenye midomo mingi walimlilia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote; aliwauzia omena kwa bei ya kuwaonea huruma, na ngege, ndio tilapia, alipowapata. Kuna asubuhi alirudi ufuoni na beseni tupu. Nilimtumia cha kusaidia mwezi kwa mwezi, akapokea kwa kulalamika. Aliniambia kwamba mara nyingine mkono wake unakwenda wenyewe kwa mbuta mdogo, na hapo huikumbuka ile kalamu.

Mimi nilirudi kwenye ofisi yangu ya nidhamu. Kwa miaka minne nilikuwa nimewaongoza wasichana wale kwa macho. Nikiwepo walikuwa malaika. Nikipinda kona, kelele. Nilidhani dawa ni kuongeza macho. Muhula ule aliletwa msichana wa kidato cha tatu aliyekutwa na simu bwenini. Kwa kawaida ningesoma kanuni na kumtajia siku za kukaa nyumbani. Safari hii nilimwambia akae. Nikamwuliza, nikaandika anachosema, nikamsomea. Akasahihisha jambo moja. Simu niliichukua vilevile, na adhabu alipata, lakini aliniuliza kama anaweza kuifanya siku za Jumamosi ili asikose maabara, nikasema sawa. Akaifanya yote bila kusimamiwa. Mwingine niliyemfanyia vivyo hivyo alinidanganya usoni, akatoroka shule Ijumaa hiyo hiyo. Kwa hiyo siwezi kusema nimegundua siri. Ninachojua ni kwamba sasa nikipinda kona, mara nyingi nyuma yangu ni kimya.

Disemba iliyopita nilikuwa na mama sokoni. Askari wa soko, kijana mwenye rungu, alikuja akipiga meza za watu na kufoka kwamba wote wasogee nyuma ya mstari. Alipofika kwa mama aliisukuma meza yake kwa mguu. Mama akasogea hatua mbili. Yule kijana alipogeuka tu, mama akarudisha meza yake pale pale ilipokuwa, akaanza kuimba kidogo kidogo puani.

"Mama," nikamwambia, "hiyo nayo ni sheria."

"Labda ni sheria," akasema, akipanga ngege wake vichwa upande mmoja. "Aje aniambie huo mstari ni wa nini. Nikielewa nitasogea, hata goti likiuma."

Mwanamke mmoja akafika akiuliza bei, na mama akamsogezea kigoda akae kwanza.